Mhasibu Aliyelilia Makadirio

Mimi watu wenye huruma ya kujionyesha siwapendi kabisa. Wananichefua. Sasa unavyoniona nakusimulia jinsi huruma yangu mwenyewe ilivyonivua nguo mbele za watu, ujue nimeshindwa kukaa nayo moyoni.

Naitwa Helena, ila hapa Musoma wananiita Mama Gloria. Ofisi yangu iko Kamunyonge, chumba kimoja, meza mbili, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Nashughulika na hesabu na kodi za mainjinia, wale waliojiajiri wenyewe, wachora ramani, wasimamizi wa majengo, na vile vikampuni vya watu wawili watatu. Injinia anajua kupima nguzo mpaka ikae wima, lakini risiti ataikunja mfukoni mpaka maandishi yafutike. Mimi ndiye nawapangia hesabu zao, nawajazia ritani za kodi, nagonga muhuri wangu pale chini, napeleka ofisi ya kodi. Ule muhuri ndio shamba langu. Siku wakisema muhuri wa Mama Gloria ni wa uongo, nimekwisha, nirudi kwetu Nyamuswa nikalime mihogo.

Basi mwaka juzi akaja Injinia Benson. Kijana wa Bunda, mpole, anasalimia mpaka anainama. Kola ya shati imepauka, soli ya kiatu imeachama kabisa, vumbi mpaka magotini. Akakaa, akashusha pumzi.

"Mama, hali ni mbaya," akasema. "Nachora ramani, mtu anaichukua, anapotea. Simu hapokei. Nimebaki na vikazi vya kuziba nyufa."

Jamani, nilimwamini! Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwaga fundi umeme, na wateja walimzungusha hivyo hivyo mpaka akauza vyombo vyake vya kazi. Nilipomwona yule kijana na kile kiatu, nilimwona baba Gloria. Nikamtoza nusu ya bei yangu. Nikamwagizia chai na chapati. Nikamwandikia hasara, nikagonga muhuri, na mwaka uliofuata nikamwandikia hasara tena.

Si hilo tu. Ofisi ya kodi walikuwa wamemkadiria kodi ya mtu mwenye kazi kubwa. Nikaenda mwenyewe kuomba makadirio yashushwe. Afisa wa faili lake ni kijana mmoja anaitwa Jofrey, mkavu, anakuangalia juu ya miwani kama unamchelewesha. Nikamweleza, hanielewi. Nikamweleza tena. Nikafika kwenye habari ya viatu, nikamkumbuka marehemu, machozi yakanitoka pale pale kaunta. Watu kwenye foleni wakageuka kuniangalia. Sikujali. Makadirio yakashushwa, nikatoka nimejaa fahari, najiona mtetezi wa wanyonge. Loo, mwanamke mimi!

Sasa kaka yangu Thadeo, wa Nyamuswa, ana binti anaitwa Nyangi, muuguzi huko Bunda. Mwaka huu akapata mchumba. Barua ya posa ililetwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita mimi siendi popote, ndio mwezi ambao mainjinia wote wanakumbuka kwamba kuna kodi. Nyangi akanipigia simu tu, anacheka cheka. "Shangazi, ni mtu wa ujenzi, anaitwa Ben, utampenda." Mabeni wako wangapi Bunda? Sikuuliza zaidi. Mahari ikapangwa kuletwa mwezi wa nane, na safari hii nilitakiwa kuwepo, nitake nisitake. Kwenye ukoo wetu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka shangazi wa binti aseme neno lake. Wanaume watabishana wee, watakunywa, watakubaliana, lakini zizi linafunguliwa kwa kauli ya shangazi. Na wakishaingia hawarudi kwa waliowaleta.

Siku ikafika. Nimevaa kitenge changu kipya, nimekaa na wanawake wenzangu upande wa jikoni, fuso likaingia na ng'ombe. Ng'ombe wa kweli, siyo vile vimbavu. Nyuma ya fuso gari nyeupe, mpya, bado ina nailoni kwenye viti. Akashuka Injinia Benson. Suti ya bluu. Viatu vinang'aa.

Nilidhani ameajiriwa udereva. Naapa, hicho ndicho nilichowaza. Nikasema moyoni, maskini, amepata kibarua cha kumwendesha bwana harusi.

Akaniona, akaja moja kwa moja, anatabasamu mpaka gego. "Shikamoo shangazi! Nyangi alinionyesha picha yako nikacheka sana. Nikamwambia, huyu si ndiye Mama Gloria wangu!"

Sikuitikia marahaba. Nilikuwa naangalia viatu.

Msemaji wao akasimama, baba yake mdogo, mtu wa Kiabakari mwenye sauti ya mnada. Akaanza kumsifu kijana wao. Kituo cha mafuta kile kipya cha barabarani, nani kakisimamia? Ben. Bweni la wasichana kule Butiama, ghorofa moja? Ben. Nyumba ya kulala wageni Bunda, ile ya vioo? Ben huyo huyo! Kila akitaja jengo, wageni wanapiga makofi. Mimi kila jengo nalitafuta kichwani kwenye hesabu zake, silioni. Bweni la Butiama nilipitaga pale mwezi wa tatu, nikaliona, nikasema ni zuri. Kwenye hesabu nilizogonga muhuri, mwaka lilipojengwa mtu huyu alikuwa anaziba nyufa.

Na kile kiatu! Ndipo nikaelewa, kwa kuchelewa, kama mjinga. Injinia ambaye hana kazi anakaa nyumbani, kiatu chake kinakuwa kizima. Anayeshinda saiti juu ya kokoto na misumari ndiye soli inamwachama. Kile kiatu kilikuwa kinanitangazia kazi, mimi nasoma njaa. Miaka yote hii na mainjinia, wala sijawahi kwenda kuona saiti ya mtu hata moja. Nakaa ofisini na feni yangu, naonea watu huruma.

Thadeo akanigeukia mbele ya kadamnasi, amefurahi, jasho linamtoka. "Dada, wenzetu wamemaliza. Na bahati nzuri wewe ndio kazi yako, mali za mainjinia unazijua kuliko sisi wote hapa. Tuambie. Huyu anaweza kumtunza mtoto wetu?"

Watu wakacheka, wakaningoja. Ng'ombe wamesimama nje ya zizi, wanapiga mkia.

Nikisema hawezi, nimesema uongo na nimemvunja Nyangi moyo mbele ya ukoo. Nikisema anaweza, nimesema kwa mdomo wangu kwamba muhuri wangu umedanganya. Nikaomba nimwone kijana pembeni kidogo. Thadeo akakunja uso, ila shangazi hakataliwi.

Tukasimama nyuma ya jiko. "Wewe mtoto," nikamwambia, "umeniandikisha uongo! Umenilia chapati zangu, umeniliza mbele ya watu, kumbe una maghorofa?"

Akaniangalia, akashangaa kweli. Siyo mshangao wa kuigiza. "Shangazi, si ulikuwa unajua?"

"Nijue nini?"

"Bei ya nusu. Nilijua ndiyo namna yako ya kuniambia tumeelewana. Na hukuwahi kuuliza kitu. Wahasibu wengine wanauliza, wanataka mikataba, wanataka kwenda saiti. Wewe ulininywesha chai ukagonga muhuri." Akateremsha sauti. "Hata wenzangu nimewaleta kwako. Niliwaambia, nendeni kwa Mama Gloria, yule anaelewa."

Mwe! Mwaka huu nilipata wateja wapya wengi mno. Kanisani nilitoa ushuhuda kwamba Bwana amebariki kazi ya mikono yangu, na kwaya wakanipigia vigelegele. Kumbe walikuwa wanakuja kwa mama anayeelewa. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba, nikawa naona mdomo wake unacheza tu, simsikii.

Nikamkatiza, nikamwambia, "Jumatatu tunaenda ofisi ya kodi. Tunarekebisha ritani zote. Unakuja na mikataba yote, usiponifuata naenda peke yangu."

Akaelekeza kidole kwa ng'ombe. "Shangazi, hiyo kodi... ndiyo ng'ombe hawa."

"Jumatatu," nikasema.

Tukarudi. Nyangi alikuwa anachungulia dirishani, kitambaa cheupe kichwani, ananiangalia kama mtoto anayesubiri sindano. Nikasimama mbele ya watu wa kwetu na watu wa kwao. "Anaweza," nikasema. "Mimi ndiye mhasibu wake, na nasema anaweza."

Vigelegele! Zizi likafunguliwa, ng'ombe wakaingia. Halafu, kama ilivyo kwetu, wakamtoa mtamba mmoja, mweusi, mzuri, wakanishikisha kamba. Ndiyo haki ya shangazi. Wanawake wakanizunguka wanacheza, wananipigapiga mgongoni, na mimi nimeshika kamba ya ng'ombe aliyenunuliwa kwa kodi niliyoililia isilipwe. Nilicheka kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

Jumatatu Benson alikuja, nampa haki yake hiyo. Alikuja na mikataba yote kwenye bahasha, na viatu vyake vya saiti. Tukaingia kwa Jofrey, tukakaa, nikafungua mwenyewe mdomo kabla sijaulizwa.

"Hizi hesabu zote mbili siyo za kweli," nikasema. "Muhuri ni wangu. Nilisaini kitu nisichokijua. Huyu alikuwa na kazi kubwa, mimi sikwenda kuona. Tumekuja kurekebisha, na atalipa, na faini atalipa. Ila naomba uelewe kitu kimoja, baba. Sikuja hapa siku ile kukudanganya."

Jofrey akavua miwani. Akapitia mikataba, mmoja mmoja, wala hakushtuka. Nilitegemea afoke. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa; angefoka, ningepona.

"Mmefanya vizuri kuja wenyewe," akasema. "Kurekebisha inawezekana, nitawapa utaratibu. Muhuri wako siugusi kwa leo." Halafu akatabasamu, mara ya kwanza kumwona anatabasamu. "Lakini Mama Gloria, usinifanye mtoto. Kwamba hukujua?"

"Sikujua."

"Mama, mimi napita pale Butiama kila wiki naenda kwetu, jina lake nilikuwa naliona kwenye kibao cha ujenzi. Nilikuwa nimepanga nimkague huyu mwenyewe. Yale makadirio niliyashusha, lakini si kwa sababu nilikuamini. Nilikuwa mgeni kazini, foleni imejaa, mama mtu mzima analia kaunta, ningefanyaje? Tuliongea sana siku hiyo na wenzangu. Wahasibu wengi wanakuja hapa na maneno, tumewazoea. Lakini wewe unalia vizuri."

"Nililia kweli!" nikasema. "Nilimkumbuka mume wangu!"

"Sawa, mama."

"Naapa mbele za Mungu, Jofrey. Sikuigiza. Nilimwonea huruma!"

"Sawa, mama, yaishe," akasema, anacheka kwa adabu, kama unavyocheka na mtu mzima aliyekamatwa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuona nimekolea kuigiza.

Na hapo ndipo yalipokuja tena. Nilijikaza, nikauma mdomo, wapi! Machozi yakanitoka mbele ya meza yake, mengi kuliko ya siku ile, siwezi hata kuongea. Mlango ulikuwa wazi, watu wa foleni wakanyoosha shingo.

Benson akanigeukia. Akaniangalia muda mrefu, nikaona uso wake unabadilika, nikajua sasa ameelewa kwamba nalia kweli. Yeye peke yake katika chumba kile. Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akakaa hivyo hivyo, hanisaidii wala hanisemei.

Jofrey akavuta droo, akatoa karatasi laini, akanisogezea. "Mama Gloria," akasema, bado anatabasamu, "leo huna haja. Nimeshakubali."