Bustani Juu ya Shimo la Dizeli

Mwalimu Tumpale Sichone alishuka kwenye bodaboda langoni mwa Shule ya Msingi Kambini, vumbi la barabara ya Chitete limemjaa mpaka kwenye kope, akatazama uwanja wa shule anayoiongoza, akasema neno moja tu.

"Ala!"

Shimo halikuwepo. Asubuhi alipoondoka aliliacha pale kati ya jiko na kisima, pana na refu kwenda chini kiasi cha kumeza kibanda, na pembeni yake kilima cha udongo mweusi juu ya maturubai. Sasa palikuwa na bustani. Bustani, jamani! Maua yamepandwa kwa mistari, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mawe mengine yamepangwa kwa herufi kubwa: KARIBU MGENI RASMI.

Anayelijua lile shimo ndiye atakayeelewa kwa nini Tumpale alisahau hata kumlipa bodaboda. Shule hii, nje kidogo ya Tunduma, ilirithi majengo ya kambi ya wajenzi wa barabara. Wajenzi waliondoka zamani wakaacha vyumba, jiko, kisima, na chini ya ardhi wakaacha tanki la dizeli ambalo hakuna aliyelikumbuka. Tanki likaoza kimyakimya, likavuja. Watoto wakaanza kusema maji ya kisima yananuka mafuta ya taa, watu wazima wakawaambia waache kudeka. Mpaka siku ndoo ilipopanda na utando wa mafuta unaong'aa rangirangi, ndipo kila mtu akajifanya yeye alisema tangu mwanzo.

Kisima kikafungwa. Tangu hapo watoto walichota maji ng'ambo ya barabara kuu, wakipenya kati ya malori yanayokwenda na kutoka mpakani. Mwezi uliopita kioo cha lori kilimpiga Irene wa darasa la tatu, mkono ukavunjika vipande. Tumpale ndiye aliyembeba mpaka zahanati, huyu analia na yule analia. Kuanzia siku hiyo alikuwa king'ang'anizi kwelikweli. Aliwasumbua wakubwa wa wilaya kule Chitete mpaka wakaleta katapila, tanki likang'olewa, udongo uliolowa mafuta ukatolewa. Bwana Osea, mtaalamu wa mazingira, aliwaeleza wote wakiwa wamesimama pale pale: shimo libaki wazi likaguliwe, udongo ukae juu ya maturubai mpaka lori liupeleke mahali palipotengwa ukasafishwe. Mvua ikiukuta bado upo shuleni, mafuta yatarudi kisimani na kazi itaanza upya.

Na leo Tumpale alishinda Chitete akibembeleza lori hilo. Alikuwa amelipata. Tipa la kesho, siku ileile ambayo kiongozi wa mkoa angekuja kushuhudia udongo ukipakiwa.

"Karibu Mwalimu, pole na safari!" Shadrack Simukonda, mtendaji wa kijiji, alikuja na brashi ya chokaa mkononi na meno yote nje. "Umewaona wananchi wako? Msaragambo wa kijiji kizima kama wa leo haujawahi kutokea hapa. Hata wazee wametoka!"

"Shadrack, shimo liko wapi?"

"Tumelifukia."

"Kwa udongo gani?"

"Kwa udongo wake mwenyewe, Mwalimu. Ule uliokuwa umerundikwa pale. Si ulitoka humo humo?"

Sasa mtu akijibiwa hivyo afanye nini? Apige yowe? Agaegae chini? Tumpale alifumba macho, akayafumbua. Bustani ilikuwa bado ipo.

"Na maturubai?"

"Tumeyafua kwa sabuni. Yale pale." Shadrack alionyesha kwa brashi. Maturubai yalikuwa yametundikwa juu ya nguzo, kivuli cha meza kuu.

"Shadrack, kesho mgeni anakuja kuona nini?"

"Kuona shule."

"Anakuja kuona shimo! Shimo, na udongo, na lori linapakia! Hakuna kingine alichokuja kuona!"

"Mwalimu, na wewe bwana." Shadrack alishusha sauti kama anayezungumza na mgonjwa. "Mgeni wa mkoa mzima, unampokea kwa shimo? Mbele ya kata nzima? Na akitumbukia je?"

Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa ameegemea beleshi lake, jasho limemlowanisha shati. Ndiye babu yake Irene. "Mama Mwalimu, usikasirike," alisema. "Watu wamefanya kwa moyo."

"Najua wamefanya kwa moyo, Mzee wangu, na hilo ndilo linaloniua. Wangekuwa wavivu leo, shimo lingekuwepo!" Akageuka, akamtazama usoni. "Mkono wa Irene unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri," alisema Nikodemo, akaangalia chini.

Tumpale akataka watu waitwe wafukue jioni ileile. Shadrack akacheka kwa woga: watu wametoka alfajiri, wamechoka, leo hii awaambie wafukue walichofukia? Si watamla nyama! Subira, Mwalimu. Mgeni akishaondoka, kesho kutwa tutafukua. Lakini tipa ni la kesho tu! Basi utamweleza mgeni mwenyewe, Mwalimu, ila kwa kufuata ratiba. Tumpale akampigia Bwana Osea simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akaitukana ile simu kwa Kinamwanga, akaenda kulala na njaa yake.

Kesho yake mawingu yalikuwa yamejazana upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, meusi ti. Wazazi walifika na nguo za kanisani. Kwaya ya akina mama ilikuwa na vitenge vya sare, Mzee Nikodemo na suti ya bluu aliyoshonewa kwenye harusi ya mwanawe. Mgeni rasmi naye akafika, mama wa makamo mwenye viatu vyeupe pee, na nyuma ya gari lake, tipa. Tumpale alipoliona lile tipa lilivyo tupu, machozi yalimlengalenga kwa hasira.

Wakaketi chini ya maturubai. Jua la saa nne likayapata vizuri, na maturubai yakaanza kusema yalikotoka. Mgeni rasmi akavuta pumzi mara mbili, akajipepea.

"Kuna jenereta hapa karibu?"

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Shadrack. "Ni turubai tu, kwa ajili ya joto."

Tumpale akasimama. "Mheshimiwa, naomba nieleze..."

"Ratiba, Mwalimu," Shadrack alimnong'oneza huku akimvuta sketi kama mtoto. "Bado kwaya." Kwaya ikaimba. Likaja shairi la karibu, ikaja ngonjera. Kisha mgeni rasmi akasimama, akasema kule mkoani aliambiwa kuna shimo baya hapa, lakini amekuta bustani, na kwa kweli anawapongeza sana. Makofi yakalipuka. Tumpale apige makofi? Thubutu!

Mtu akamgusa bega. Ni Watson, dereva wa tipa, na funguo kidoleni. "Mama, mzigo uko wapi?"

"Uko chini ya maua."

Watson alidhani ni utani. "Mimi nimeambiwa kupakia udongo. Kama haupo nisainie safari niondoke, kesho gari linatakiwa Ndalambo." Akatazama juu. "Na hiyo mvua siioni ikivuka leo."

Hapo ndipo Shadrack alipotangaza, kwa sauti ya kupendeza kabisa, kwamba sasa Mheshimiwa atapanda mti wa kumbukumbu. Kila mgeni hupanda mti, hata yule wa chanjo ya kuku alipanda. Katikati ya bustani kilikuwa kimeandaliwa kishimo, na ndani yake Shadrack amejaza udongo safi wa shambani kwake, ili mti wa mgeni usije ukamwaibisha. Mgeni alipoinua mche, Tumpale alikwishafika na jembe. Hakukumbuka alilitoa wapi.

"Mheshimiwa, kishimo hiki kifupi," alisema. "Mti huu unataka kwenda chini."

"Mwalimu!" alisema Shadrack.

Tumpale akaukwangua ule udongo mzuri wa shambani, akautupa kando juu ya maua, akamkabidhi mgeni jembe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Chimba kidogo tu, Mheshimiwa."

Yule mama alikuwa mtoto wa mkulima, ilionekana kwa alivyolishika. Akapiga la kwanza, akapiga la pili kwa nguvu, na bonge jeusi linalometa likaruka likatua juu ya kiatu cheupe. Harufu ikapanda ikawashika puani wote. Kwaya ikajifunika vitenge.

"Mama yangu! Hiki ni nini?"

"Ndicho ulichokuja kuona, Mheshimiwa. Kilikuwa kimetoka, kinasubiri gari. Jana tumekirudisha chini, tukakipambia maua. Mvua ya leo itakipeleka kisimani tena, na watoto wataendelea kufuata maji kule." Alionyesha barabara. Lori lilikuwa linapita, na watoto wenye ndoo wamejibana pembeni wakisubiri. "Mimi nimechoka, Mheshimiwa. Nimechoka hasa."

Mgeni akamgeukia Shadrack. "Nani aliamuru hili lifukiwe?"

Shadrack aliinama, akaanza kunyoosha mstari wa mawe. Aliyejibu ni Mzee Nikodemo.

"Hata mimi nilifukia," alisema akisogea mbele. "Mimi ndiye mwenyekiti wa shule, na mtoto aliyevunjika mkono ni mjukuu wangu. Nilifukia huku naona. Niliona aibu ya mgeni kuliko ya mtoto." Akavua koti la harusi, akatafuta pa kulitundika, hakupata, akalivaa tena. Akachukua jembe mikononi mwa mgeni, akaanza kuchimba.

Kwa muda alichimba peke yake, wakimtazama. Kisha mama mmoja wa kwaya akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasema, "Sasa tunamwangalia mzee wa watu?" Basi. Majembe na mabeleshi yakatoka hata hayajulikani yalikuwa wapi. Udongo wa jana ulikuwa bado laini, ukatoka kirahisi. Maturubai yakashushwa, Watson akarudisha tipa nyuma, mgeni rasmi akaagiza pilau isubiri na hotuba zilizobaki zisisomwe kabisa. Shadrack alikimbia huku na huku akiyaokoa mawe. "Taratibu jamani, haya tumeazima ofisi ya kata!"

Tipa likaondoka limejaa, likarudi, likajaa tena. Safari ya mwisho ilitoka na matone ya kwanza. Wakalifunika shimo kwa yaleyale maturubai, wakachimba mfereji kuzuia maji, na wote walikuwa weusi, wananuka kama gereji.

Jioni, mvua ikipiga bati, simu ya Bwana Osea ikapatikana. Alifurahi sana. Alisema kazi ni nzuri, na sasa zitachukuliwa sampuli.

"Na kisima?"

"Kitabaki kimefungwa mpaka majibu yatoke, Mwalimu."

"Yatatoka lini?"

"Tutawajulisha."

Tumpale alikata simu kabla hajasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema. Yaani baada ya yote haya, kesho watoto watavuka tena! Hakupata usingizi kwa kulifikiria hilo, na kulipokucha alitoka mapema aende kuwavusha mwenyewe.

Alikuta honi zinalia. Lori kubwa la Zambia limesimama katikati ya lami, na nyuma yake msururu. Mbele ya lori, na koti lake la harusi lililotapakaa mafuta, alisimama Mzee Nikodemo, kashika kijiti kilichofungwa kitambaa chekundu cha mapambo ya jana. Watoto walikuwa wanavuka na ndoo zao, taratibu, wakiongea. Irene alikuwa wa mwisho, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine na kidumu.

"Mzee," alisema Tumpale, "utasimama hapa mpaka lini?"

"Mpaka wafungue kile kisima. Wewe nenda ukafundishe." Dereva akapiga honi tena. Nikodemo akageuka, akainua kijiti chake. "Na wewe acha hiyo honi! Huoni mtoto anavuka?"

Tumpale akachukua kidumu cha Irene, wakavuka.