Sensa ya Shemeji

Siku ya tatu bado nilikuwa nimeinamia gari la shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni fundi rangi. Nilikuwa nimeunganisha sensa mpya ya oksijeni na kompyuta ya injini, lakini geji yangu ya kupimia umeme ilisema hivi, kompyuta vile. Nyaya nilishazikata na kuziunga mpaka zimefupika.

"Bado tu, shemeji?" aliuliza, chai mkononi.

Nikafungua boliti inayobana waya wa hasi kwenye bodi ya gari. Chini yake palimetameta rangi nyeusi.

"Nani kapaka hapa?"

"Mimi, juzi. Palikuwa na kutu, nikaona aibu."

Rangi haipitishi umeme. Nikasugua kwa msasa, nikakaza, namba zikalingana. Nilipoinuka, alishashika brashi.

"Hapo ulipokwangua," akasema, "nipake kidogo tu?"