Chombo cha Kukusanyia Data

Ukurasa wa shukrani wa tasnifu ya mume wangu ulikuwa na watu kumi na wanane. Msimamizi wake alikuwemo, mama yake alikuwemo, hata mlinzi wa maktaba alikuwemo. Mimi mkewe sikuwemo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuchapa.

"Baba watoto, umenisahau hapa," nikamwambia, nikidhani amepitiwa tu.

Hakuinua hata macho kwenye simu. "Kwani ulifanya nini cha kuandikwa?"

Nilifanya nini! Utafiti wake ulihusu wanawake wanaoacha kazi kiwandani baada ya kujifungua. Kundi lengwa lilikuwa wanawake zaidi ya elfu mbili. Sampuli, yaani wale wachache wanaosimama badala ya wote, kama unavyoonja kijiko kimoja ukajua chumvi ya sufuria nzima, ilikuwa wanawake tisini na sita. Siku ya kwanza alibisha milango sita, na yote sita ikafungwa. Mwanamke gani atamsimulia mwanamume asiyemjua jinsi maziwa yalivyomvuja mbele ya msimamizi wa zamu? Nikaenda mimi, kila nikitoka kwenye kazi yangu ya uchapaji, kinasa sauti mkobani, kwa miezi mitano. Tisini na sita nikawamaliza wote, na wengine walinililia begani.

Sasa Sura ya Tatu, ile ya mbinu za utafiti, ilisema: "Mahojiano yote yalifanywa na mtafiti mwenyewe."

"Na hili je?" nikauliza.

"Ndivyo inavyoandikwa. Mke wangu, wewe ulikuwa chombo cha kukusanyia data. Umewahi kuona dodoso likishukuriwa?" Akacheka peke yake. "Halafu kwenye viambatisho, kule mahojiano yalikoandikwa neno kwa neno, futa popote hao wanawake wanapokuita dada au mama."

Roho ilinichemka, lakini sikubisha. Mwanamke msemaji akinyamaza ghafla, mwenye akili huuliza kulikoni. Yeye aliomba chai. Nikafuta mahali sitini na tatu, pa sitini na nne nikapaacha kwa makusudi. Nikatoa nakala tano, nikazipeleka mwenyewe zikajalidiwe. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zake nilikuwa nazifua mimi.

Siku ya kuitetea tasnifu tulijaa kwenye ukumbi mdogo wa idara, mama mkwe akiwa kando yangu. Mume wangu aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nadharia tete, vigeu, uhalali, uthabiti, vyote vilimtiririka.

"Msikie mwanangu," mama mkwe akaninong'oneza.

Kisha mtahini wa nje, profesa wa kike mfupi, akafungua nakala yake mahali alipokuwa amekunja.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Mhojiwa wa kumi na tisa anasema: 'Mwanamke mwenzangu, hebu nifungie zipu hii kwanza, ndipo tuongee.'" Akavua miwani. "Zipu uliifunga wewe?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mume wangu akafunuafunua nakala yake.

"Ni kosa la mpiga chapa, Profesa."

"Sawa. Basi tueleze, huyu wa kumi na tisa aliacha kazi kwa nini?"

Akanitazama. Jibu nilikuwa nalo: walimnyima dakika kumi za kwenda kunyonyesha, akaambiwa achague mashine au mtoto. Alinitazama kwa macho ya kuomba, nami nikamtazama tu. Akaanza sentensi tatu, hakumaliza hata moja.

"Huyo mpiga chapa yupo?" profesa akauliza.

Mama mkwe alinifinya paja. Nikasimama.

"Nipo. Sikukosea. Zipu niliifunga mimi, na wote tisini na sita niliwahoji mimi."

Sitadanganya, nilifurahi. Nilimwona akinywea pale mbele ya watu na sikumhurumia hata kidogo.

Watahini wakatoka kushauriana, wakarudi na uamuzi. Data zote zimekataliwa, kwa sababu maelezo ya jinsi zilivyopatikana ni ya uongo. Amepewa mwaka mmoja akusanye upya, yeye mwenyewe, kwa sampuli mpya. Hapo ndipo furaha yangu ilipoingia mchanga. Wanawake wangu tisini na sita, na yote waliyonieleza, walitupwa pamoja naye. Jioni ile nililia kwa ajili yao.

Mume wangu alininunia siku tatu. Ya nne akaja kusimama mbele ya meza yangu, sauti imemshuka.

"Mama watoto, tusaidiane. Unajua wale wanawake hawatanifungulia mlango."

Kila tasnifu huwa na sehemu iitwayo mapungufu ya utafiti, mahali mtafiti anapokiri yaliyomshinda.

"Liandike kwenye mapungufu," nikamwambia. "Na utachapa mwenyewe."