Mstari wa Kondoo

Kwenye chati ya mifugo, mstari wa kondoo ulikuwa umeshuka kwa miaka kumi na moja mfululizo, na mtakwimu wa mkoa alitakiwa kuueleza mbele ya kamati saa nne asubuhi. Zamani, katika kila mifugo mia ya mkoa ule, thelathini na wanane walikuwa kondoo. Sasa walibaki kumi na wanne. Waliopanda ni mbuzi, tena kwa kiburi kama kawaida yao. Kamati ilikuwa na swali moja tu: kituo cha kuzalisha madume ya kondoo kifungwe au kiachwe? Mkuu wa idara alikwishakata shauri. Nani alishe madume mia mbili kwa ajili ya mnyama anayetoweka?

Mtakwimu hakuwa na ugomvi na mstari huo mpaka jana mchana, alipoletewa karatasi za machinjio. Ng'ombe, sawa. Mbuzi, idadi ile ile. Kondoo waliochinjwa walikuwa wakiongezeka kila mwaka, na hakuna aliyewaleta kutoka nje. Alizisoma mara tatu, kisha akafungua kabati la fomu za sensa, akakuta jambo lililomnyima raha kabisa. Fomu za bonde la chini, lenye kondoo wengi kuliko kwingine kote, zilikuwa na sahihi ya baba yake, mhesabu mifugo mkongwe kuliko wote. Lakini tangu mwaka ule mstari ulipoanza kushuka, tarakimu hazikuandikwa na baba. Ilikuwa hati ya mama. Ile nane yake yenye kiuno chembamba haifanani na ya mtu mwingine.

Ndiyo maana saa moja asubuhi alikuwa bondeni, amejibanza nyuma ya gari la ofisi kama mwizi, akimtazama baba yake kazini.

Kuhesabu kwa baba kulikuwa na sifa zake. Wahesabu wengine husimama mbali wakinyoosha vidole, wanapotea, wanaanza upya, wanasemwa na wenye mifugo. Baba alisimama kwenye mlango mwembamba wa zizi, mfugaji akawa nyuma anasukuma, na kila mnyama aliyepita alipitishwa mkono kutoka mgongoni hadi mkiani. Mbuzi, kokoto mfuko wa kushoto. Kondoo, kokoto mfuko wa kulia. Jioni, sasa ilieleweka, mama ndiye aliyezihesabu kokoto na kujaza fomu. Mtakwimu alikua akijivunia mkono ule, na shuleni alijigamba nao mpaka wenzake wakamchoka. Leo aliutazama vizuri. Baba hakuwa akiwatazama wanyama. Uso wake ulielekea ukutani.

Akapita kondoo jike wa kienyeji, mkia mnene wa mafuta. Kokoto kulia. Likapita dume la kituo, la mbegu mpya, manyoya mafupi, mkia mwembamba. Mkono ukagusa, ukasita kidogo. Kokoto kushoto.

Likapita la pili. Kushoto. La tatu, kushoto.

Kondoo hawakutoweka hata kidogo. Kituo kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri mno, bonde zima likajaa watoto wa madume yake, na sasa kilikuwa kinafungwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mtakwimu alisubiri mnyama wa mwisho apite, akasogea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mbona huku, na leo una kikao?"

"Baba, nimevaa nguo ya rangi gani?"

Baba alipangusa mkono kwenye suruali.

"Umekuja kunipima," alisema.

"Tangu lini?"

"Ulianza ukungu tu machoni. Mama yako akasema twende hospitali, mimi nikasema sensa iishe kwanza. Tulipokwenda wakaniambia nimechelewa." Akashusha sauti, maana mfugaji hakuwa mbali. "Lakini kazi naiweza. Mkono haudanganyi."

"Kondoo wa kituo wana mikia myembamba, baba."

"Kondoo gani huyo ana mkia wa mbuzi? Usinitanie."

Mtakwimu alimshika mkono, akauweka juu ya dume lililosimama pale mlangoni. Vidole vikapanda kwenye shingo, vikatafuta ndevu chini ya taya, havikuzipata. Vikabaki hapo hapo.

"Wako wangapi?" aliuliza mzee.

"Karibu wote."

Baba hakuwahi hata kuwaona.

"Nimebakiza miezi mitatu nistaafu," alisema baba. "Sema hesabu ina kasoro. Usiseme ya nani. Wewe ndiye msomi, utaona njia."

Njia nzima ya kwenda kikaoni, wamekaa pamoja nyuma ya dereva, mtakwimu aliitafuta njia hiyo na hakuiona.

Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofani, na kilijaa. Baba aliketi mbele, kwa sababu kamati ilitaka kumpa cheti cha utumishi siku hiyo hiyo. Mkuu wa idara aliuonyesha mstari ukutani kwa rula.

"Mnauona wenyewe. Naomba tukifunge kituo, tuendelee."

"Mstari huo si sahihi," alisema mtakwimu, akasoma takwimu za machinjio.

"Nani amekosea?"

"Ni utaratibu wa kuhesabu."

"Utaratibu una mwenyewe, na yupo hapa." Mkuu alicheka. "Unataka kutuambia baba yako hajui kondoo?"

Wajumbe nao wakacheka. Baba alikaa, mikono magotini. Mtakwimu alimngojea aseme neno, hata moja. Hakusema. Karani alikuwa tayari ameandika uamuzi, umebaki muhuri.

"Haoni," alisema mtakwimu. "Baba yangu haoni. Miaka yote hii anahesabu kwa kugusa mikia."

Kicheko kilikatika. Mkuu wa idara aliinuka polepole, akachukua kile cheti, akakinyoosha mbele ya uso wa mzee bila kutamka neno. Chumba kizima kikangoja. Baba naye alingoja, akidhani kuna mtu anatafuta la kusema.

Mkuu alikirudisha cheti mezani. Akamwambia karani afute uamuzi, bonde lihesabiwe upya.

Mtakwimu alimwendea baba, akamgusa kiwiko. "Twende, baba, nikushike."

Mzee aliutoa mkono wake taratibu, kama anayemwondoa mtoto mapajani. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, alikosimama mlinzi, akaita kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia ikiomba kitu.

"Mlinzi. Njoo unishushe ngazi."