Pua ya Wachuka

Kazi ya Wachuka pale mjini Chaka ilikuwa kunusa. Wakulima wakileta maziwa kwenye chama chao cha ushirika alfajiri, yeye hufungua mkebe, huinama, hunusa mara moja tu, kisha husema "Mimina" au "Rudisha." Miaka sita hakuna aliyembishia. Aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kupewa na dunia.

Sasa miezi minne ilikuwa imepita na pua yake hainusi kitu. Kila asubuhi chafya kumi na tano, kamasi, kisha pua huziba na paji la uso likawa zito. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuinama juu ya mikebe kwa uso wa mchungaji wa kanisa na kusema "Mimina." Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Tangi zima likarudishwa kutoka kiwandani kwa kuwa na harufu.

Mugo, meneja wa chama, alimwita kando. "Nitanusa mimi kwa wiki mbili. Wewe rudi na pua, ama usirudi."

Wachuka alilia njia nzima hadi nyumbani. Kesho yake mumewe, Gicheru, alimpeleka Nyeri kwa Daktari Avni, ambaye alimmulika puani kwa tochi.

"Unatumia dawa gani, mama?"

"Haya matone ya kufungua pua, daktari. Tangu hii kitu ianze. Nikiacha inafunga kabisa."

"Sasa ndiyo yanaifunga. Hayo ni ya siku chache, si ya miezi. Na hii si mafua, ni aleji. Imefanya ndani ya pua kuvimba mpaka huku kwa paji la uso. Kwa nyumba unalala na nini?"

"Na mimi," Gicheru akadakia.

"Na nini ingine?"

"Na nyasi," Wachuka akasema kwa sauti ndogo.

Marobota thelathini ya nyasi kavu, yamepangwa kutoka ukutani hadi miguuni pa kitanda! Huko kwao Kieni wakati wa kiangazi, nyasi ikilala nje haioni asubuhi, na Gicheru angeona heri aibiwe redio. Daktari alijikaza asicheke. Akampa Wachuka dawa ya kupuliza na kumwonyesha: inamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza upande wa sikio, na usivute kwa nguvu kama ugoro.

"Kila siku, hata ukijisikia mzima. Usiihukumu kabla ya wiki mbili. Jioni osha pua na maji ya chumvi, yaliyochemka yakapoa. Na nyasi itoke."

Gicheru alihamisha marobota hadi zizini akinung'unika, ati mwanamke anafukuza chakula ya ng'ombe. Lakini kila jioni alichemsha maji mwenyewe na kumshikia beseni. Wachuka akamsamehe nyasi yote.

Siku ya kumi na nne alirudi kazini. Foleni nzima ilisogea karibu, na Mugo akasimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mkebe wa kwanza ukafunguliwa. Harufu ya maziwa mapya ikampanda, tamu na ya uvuguvugu, naye nusura adondoshe machozi ndani.

"Mimina."

Ulipofika mkebe wa tisa aliinama na kuinuka upesi.

"Rudisha! Huyu amelisha ng'ombe kabichi halafu akakamua papo hapo."

Ndipo alipotazama mikono iliyoshika mkebe.

"Mama Ngendo," Gicheru akasema polepole, "ni mimi."

Mtu mmoja akakohoa. Mugo akainama, akanusa, akainama tena. Kwake yalikuwa maziwa tu, kama aliyoyamimina wiki mbili zote. Wachuka hakubadilisha neno.

"Kabichi, Baba Ngendo."

"Ni ukweli," Gicheru akaungama. "Soko ya kabichi ilianguka mwezi jana, nikaona nisitupe."

Kisha uso wake ukakunjuka. Akajitwika mkebe begani na kuigeukia foleni.

"Mmeona? Pua imerudi! Hata mimi sipendelewi!"

Akaenda nao barabara yote ya Chaka, akimsimamisha kila aliyekutana naye ili amwambie kwamba mkewe amemrudishia maziwa.