Amana ya Jumbe Modesti

Dada yangu Silvana alijifungua salama. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu husimulia kana kwamba mtoto ndiye aliyemuua, nami hukasirika. Mtoto alitoka asubuhi, wa kike, analia vizuri, kondo la nyuma likafuata, na mama yetu akaanza kukoroga uji wa ulezi. Ndipo damu ikaanza kutoka, ikakataa kusimama.

Na tulikuwa zahanati, si nyumbani. Hilo nalo lijulikane. Enzi zile za Mwingereza wanawake wengi wa kwetu, upande wa Mpui, walizalia nyumbani. Lakini Silvana alikuwa amepoteza damu nyingi kwenye uzazi wa kwanza, na Zenon, dresa wetu, yaani mhudumu wa zahanati, alimwambia safari hii aje mapema. Akaja. Alifanya kila alichoambiwa.

Zenon alimkandamiza tumbo, akalisugua, akaweka matofali chini ya kitanda upande wa miguuni. Alipoona haisaidii akaniita pembeni.

"Adela, kuna sindano ya kukaza kizazi. Imo kabatini."

"Basi mchome."

"Kabati limefungwa, ufunguo uko kwa jumbe. Halafu mimi siruhusiwi. Dawa zile ni za daktari peke yake, ndiyo sheria ya Serikali."

Kabati lenyewe lilikuwa palepale. Ningeweza kuligusa huku nimeshika mkono wa dada yangu.

Habari za kabati lile kila mtu alizijua. Dresa aliyemtangulia Zenon alikuwa anakunywa spiriti ya kusafishia vidonda. Daktari wa wilaya wa wakati ule, alipokuwa anakwenda likizo kwao Ulaya, alilifunga, akamkabidhi Jumbe Modesti ufunguo mbele ya watu, akasema, "Usimpe mtu mpaka nirudi." Hakurudi, tulisikia amehamishiwa nchi nyingine. Mlevi akafukuzwa, akaja Zenon, mtu asiyeonja hata pombe ya ulezi. Alikuta kabati limefungwa na kijiji kizima kinamwambia ndiyo sheria. Akaamini. Kawaida ni kama sheria, walisema wahenga, na sijui kama walijua ubaya wa maneno yao.

Nilikimbia kwa jumbe nikamkuta anaanika ulezi uani. Nikapiga magoti nikamwamkia, maana kwetu hata nyumba ikiungua mzee huamkiwa kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Nikamweleza. Aliacha kazi yake papo hapo, akaingia ndani, akatoka na ufunguo umeviringishwa kwenye kitambaa. Nikamshukuru Mungu, mapema mno.

Tulipofika, jumbe alisimama mlangoni. "Bwana Dresa, Serikali imekuruhusu kulifungua?"

Zenon angesema ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa mkweli, tena mwoga, na vitu hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja ni balaa. "Hapana, mzee, sijaruhusiwa. Labda wewe uniamuru."

"Mimi nikuamuru kwa lipi? Hii ni amana ya mtu. Mwenyewe asiporudi, hukaa mpaka waje watu wake kuichukua. Nikikupa tu, nimekuwa mwizi, mzee mzima."

"Na mimi nikiipokea bila ruhusa, ni jela."

Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nikawaambia wanipe shoka. Jumbe akanishika mkono taratibu. "Mwanangu, usituongezee msiba." Upole wake ule ulinichoma kuliko tusi.

Wakakubaliana aitwe daktari mpya wa wilaya, Sumbawanga. Muhidin mwenye duka alikuwa anapakia mahindi kwenye lori lake. Alipoambiwa, aliyaacha magunia barabarani, akaondoka bila kuuliza swali. Hakuna aliyekuwa mbaya siku ile. Nimemtafuta mbaya wa kumchukia miaka yote hii, sijampata.

"Mbona wazee wanabishana?" Silvana aliniuliza.

"Hawabishani, dada. Wanamngoja daktari."

"Haya," akasema. Aliomba mtoto alazwe karibu naye. Mama alikuwa amemkumbatia miguu, anaisugua ipate joto. Aliendelea kuisugua hata baada ya Zenon kumwambia imetosha.

Daktari alifika alasiri, Mzungu kijana mwenye Kiswahili cha kitabuni. Zenon alimsimulia yote, amesimama wima kama askari. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sheria gani hiyo?" akauliza.

Zenon akamtazama jumbe.

"Haipo. Kabati ni la dresa. Unafungua, unatibu mgonjwa, kisha unatoa taarifa ya ulichotumia. Imekuwa hivyo siku zote."

Jumbe Modesti alijishikiza ukutani, akateremka polepole mpaka akaketi sakafuni. Zenon alibaki wima vilevile. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumwonea huruma, na sikuwa na nguvu za lolote kati ya hayo.

Watu walikuwa wameshajaa nje kwa ajili ya msiba. Daktari akatoka kuzungumza nao. Nia yake ilikuwa njema, hilo simnyimi. Akasema kama liko jambo jingine wanalodhani limekatazwa, waulize, awaondolee mashaka.

Luciana, jirani yetu, akauliza kama mwanamke anaweza kutibiwa mumewe akiwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, hajatoa idhini.

"Anaweza. Aje tu."

Luciana akasema ahsante, akavuta kanga usoni. Wifi yake alikaa ndani na uvimbe akingoja barua ya idhini ya mumewe mpaka akafa.

Kisha Clemens, jirani mwingine, akavua kofia. "Na asiye na stakabadhi ya kodi?"

"Anatibiwa."

"Na mtoto wake?"

"Mtoto ndiye wa kwanza kutibiwa."

"Nashukuru, bwana," akasema Clemens, akabaki anaizungusha kofia mikononi. Wote tulijua alivyomficha mwanawe wakati wa surua mpaka tukamzika, kwa kuwa mwaka ule alishindwa kulipa kodi.

"Nani mwingine?" daktari akauliza.

Mama alikuwa ameanza kuinua mkono. Akaushusha. Watu wakainamisha vichwa, kila mtu na marehemu wake, na hakuna aliyetaka kuambiwa kwamba wake naye angepona. Daktari alingoja, anatutazama mmoja mmoja. Tukamwambia hakuna, ahsante, tumeelewa.