Ukurasa Mmoja Safi

Printa yetu marehemu mume wangu alikuwa akiiita Bibi, kwa kuwa haikuwahi kusema neno kabla ya kukohoa. Ukibonyeza, inakohoa mara tatu, inatulia kama inayokumbuka jambo, ndipo karatasi inapotoka na joto lake kama shati lililotoka kupigwa pasi. Miaka kumi na mmoja ilichapa mitihani ya shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Mume wangu alipofariki niliendelea nayo mimi, na elimu yangu ya darasa la saba. Kazi hiyo ndiyo iliyonibakisha kwenye chumba ilimo mashine. Chumba ni cha ukoo wa mume wangu, na shemeji yangu alikwisha kusema mbele ya wakubwa wa familia kwamba nitakaa humo maadamu kazi ya shule ipo. Siku kazi itakapokwisha, ataweka humo mifuko yake ya saruji.

Muhula uliopita Bibi alianza kudondosha nukta. Nukta nyeusi, ndogo kama kichwa cha pini, tatu kila ukurasa, zimefuatana kwenye mstari mmoja toka juu hadi chini. Niliziona. Nilidhani nukta haiwezi kumdhuru mtu. Kumbe katika mtihani wa hesabu wa darasa la sita moja iliangukia katikati ya 48, ikawa 4.8, na nyingine ikaketi ndani ya 126. Darasa zima likakosa swali la tatu na la tisa. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyepandisha sauti, alikuja na karatasi mkononi akanieleza taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba. Akasema atarudi Alhamisi saa sita mchana. Nimwonyeshe ukurasa mmoja safi, mmoja tu, naye ataniachia mitihani ya muhula huu. Nisipokuwa nao, ataipeleka kwingine.

Nikamwita fundi. Watu wanamwita Kesho, kwa sababu ndiyo siku anayokuja. Nilimwita Jumatatu akafika Jumanne alasiri, na kwa Kesho huko ni kuwahi. Alitandaza gazeti mezani, akachomoa kasha la wino wa unga, na ndani yake akatoa rola ya kijani inayong'aa kama mgongo wa nzi. Akapima kwa uzi umbali wa nukta na nukta kwenye karatasi, akauzungusha uzi uleule kwenye rola, ukafika mzunguko mmoja kamili. Basi ubaya umo humu, akasema, na akanionyesha kidonge cha unga kilichogandia pale. Akakibandua, akaifuta rola kwa kitambaa chenye spiriti.

Mimi nilitazama kila hatua. Ndivyo nilivyo, mume wangu alikuwa akinitania kwamba naweza kuhesabu vifungo vya mgeni kabla sijamwitikia hodi. Nilimwona fundi akiifunika ile rola kwa koti lake, nikadhani anaikinga na vumbi. Mara simu yake ikalia, mtu mwingine aliyekuwa akimngoja tangu jana. Akavaa koti lake, akasema rola iachwe ikauke vizuri, asubuhi atakuja kuirudisha.

Asubuhi niliigusa, nikaona bado ina unyevu na harufu ya spiriti. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo kitu chochote kilicholowa hupelekwa juani: godoro, kiatu, hata kitabu cha sala kilichonyeshewa. Jua ni la Mungu. Nikatandika kitambaa cheupe kwenye benchi la nje, nikailaza rola, nikakaa ubavuni kwake kuwafukuza kuku. Kila baada ya muda niliigeuza kidogo, upande wowote usikose, kama nilivyokuwa nikimgeuza mume wangu miezi yake ya mwisho asipate vidonda. Nageuza, naomba, nageuza.

Saa sita Kesho alitokea. Hakunisalimu.

"Mama, hiyo umeianika tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu. Imekauka vizuri, mwanangu, shika uone."

Akakaa kizingitini. Akanieleza kwamba kitu kile na mwanga ni kama maziwa na ndimu. Dakika chache tu za jua zinatosha kukiharibu. Akasema kosa ni lake, hakuniambia. Nami nikakumbuka lile koti. Tukairudisha hivyohivyo tujaribu. Bibi akakohoa mara tatu, akatoa karatasi nyeusi tii, ukingo hadi ukingo.

Shemeji alikuwa akipita. Akachungulia, akaiokota karatasi kwa ncha za vidole.

"Shemeji, siku hizi mnachapa masizi?" Akacheka ili nisione vibaya, kisha akaongeza, "Sikio la kufa halisikii dawa." Macho yake yalikuwa ukutani, kona hadi kona.

Rola mpya ya mashine ile haipatikani tena. Kesho alikwisha kuulizia sehemu tatu. Alisema lililobaki ni kuifungia gizani mpaka Alhamisi asubuhi atakapokuja, kwani wakati mwingine inarudi kidogo. Nikaizungushia koti zito la mume wangu, nikaiweka chini kabisa ya kabati, nikaifunika kwa mablanketi, nikafunga, na ufunguo nikauweka kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa. Sikumwomba Mungu mashine mpya. Nilimwomba ukurasa mmoja, maana hata mwalimu aliomba mmoja.

Alhamisi Kesho alikuja saa mbili asubuhi, siku ileile aliyoisema, nami nikaichukua kuwa ishara. Karatasi ya kwanza ilitoka ya kijivu kama mawingu ya mvua. Ya pili ilipungua. Kwenye ya tano maandishi yakasomeka. Ya tisa ilitoka nyeupe, herufi zimesimama wima, na Kesho akaanza kupiga mluzi.

Niliilaza mezani, nikaweka karatasi nyingine juu yake na kuivuta chini mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akifanya mume wangu. Kisha nikaona nukta. Na ya pili. Na ya tatu, palepale pa siku zote. Kesho akaitoa rola chini ya meza, mwanga usiifikie, akapitisha ukucha. Chini ya kile kidonge alichobandua palikuwa na mchubuko. Hata usingeianika, mama, zingekuwepo, akasema. Alidhani nitafarijika.

Ilikuwa imekaribia saa sita. Akatoa wembe mfukoni.

"Mwalimu kaomba ukurasa mmoja. Tumpe huo mmoja."

Nikaushika wembe. Nikakwangua nukta ya kwanza, ikaondoka kama haikuwahi kuwepo. Mkono wangu ni mzuri kwa kazi ndogo. Nikakwangua ya pili. Kwenye ya tatu nikawaza watoto mia nne na kurasa zao, kila mmoja na 4.8 yake, na mimi hapa nimesali asubuhi. Nikauweka wembe.

Mwalimu alipofika nilimpa karatasi kama ilivyokuwa, nikamwambia mbili nimezikwangua kwa wembe na moja nimeiacha.

"Ungeninyamazia tu, mama, ningekuachia kazi," alisema.

"Najua, mwalimu."

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani pamoja na mitihani ambayo hakuitoa. Akaniombea heri. Kesho naye akakusanya bisibisi zake bila kutaka chochote, akaondoka bila kutaja siku.

Jitihada haiondoi kudura, nilijisemea, lakini maneno hayakunikaa. Nilikuwa bado nimesimama pale shemeji alipokuja na futi ya fundi ujenzi. Alimwona mwalimu akivuka barabara na mkoba umejaa, hakuhitaji kuuliza. Akaomba radhi. Akasema saruji inafika Jumamosi, meza na Bibi vinaweza kukaa ukumbini kwake mpaka nijue la kufanya. Akaanza kupima ukuta, lakini futi ilikuwa ikimponyoka kila akifika kona, maana alikuwa peke yake.

"Shemeji, hebu nishikie upande huo."

Nikamshikia.